Mama Futi na Kamba Iliyopita Juu ya Cherehani

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mama Futi wa Idara ya Upimaji anastaafu baada ya kulitumikia baraza la jiji miaka thelathini na minne. Hakukosa kazini ila alipojifungua, na hata hapo alituma mtu kuuliza kama futikamba imekaushwa kabla ya kukunjwa. Wasifu huu ulitakiwa uandikwe na anayemjua kuliko wote. Huyo ni mimi, mnayeniita Anko, niliyeshika ncha ya pili ya futikamba yake miaka ishirini na miwili. Shule sikufika nayo mbali, lakini mipaka ya jiji hili naijua kama meno yangu.

Aliingia akiwa mfagizi wa chumba cha ramani. Siku moja alitumwa kuwapelekea chai wapimaji waliokuwa wakitafuta jiwe la mpaka siku ya tatu hiyo, mpima mkuu amechoka, amekaa chini anafuta jasho. Mfagizi akamwamkia shikamoo, akamwambia kwa upole kwamba jiwe analolitafuta amelikalia. Wiki iliyofuata ufagio ulipata mwenyewe mwingine.

Hatua zake arobaini ni mita thelathini kamili. Tulizipima tukakuta zimepungua unene wa kidole, na tulipochunguza, kumbe futikamba ndiyo iliyovutika. Kuna kiwanja nyuma ya soko ambako nyuki walijenga juu kabisa ya jiwe la mpaka. Mama Futi alisimama akawatazama. Kesho yake walikuwa wamehama. Asiyeamini aniulize mimi, nilikuwepo, ndani ya gari, vioo nimefunga.

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo ni ya kile kiwanja cha biashara cha mtaa wa pili, miaka kumi na moja iliyopita. Mwenye kiwanja aliomba kukigawa sehemu mbili. Upande wa kushoto abaki nao, una duka lake la vifaa vya ujenzi na nyuma yake vyumba tisa vya mafundi cherehani. Upande wa kulia, uwanja mtupu, amuuzie mtu wa kujenga ghala. Mchoro ulikuwa mzuri, mstari mwekundu umenyooka. Faili lilisema kiwanja kimekaguliwa na mstari haugusi njia wala chumba. Madiwani walibakiza kunyoosha mikono tu.

Sasa Mama Futi ana tabia yake. Hata faili liseme nini, kabla ya kikao lazima akakanyage kiwanja kwa miguu yake. Asubuhi ile alikanyaga, akaona kwamba uchochoro wanaotokea mafundi wote tisa ungeangukia upande wa kulia, na ukuta wa ghala ungewafungia ndani kama kuku.

Alifika ukumbini na kamba begani. Ruhusa ya kusema hakuwa nayo, basi akasimama mlangoni mpaka meya akauliza yule mama anataka nini. Akajibu kwamba anawaomba waheshimiwa wakaone wenyewe, si mbali, hatua mia tatu na kumi. Diwani mmoja akamkebehi, tangu lini mshika kamba akaliamuru baraza. Mama Futi akamwambia kwamba kama mheshimiwa ana miguu mibovu, yeye atamsubiri. Ukumbi ulicheka, na diwani yule ndiye aliyetangulia kutoka.

Kule tuliinyoosha kamba kwenye ule mstari mwekundu. Iliingia dirishani kwa fundi wa kwanza, ikapita juu ya cherehani yake, sindano kiwanja hiki, pedeli kiwanja kile. Fundi, dada mmoja anayeshona sare za shule, hata hakusimamisha kazi. Aliuliza tu, ukuta ukishajengwa, ni mheshimiwa yupi atakayekuwa anawarushia wateja nguo kwa juu.

Meya aliwarudisha waheshimiwa ukumbini. Ombi likarudishwa, mstari ukasogezwa kulia mita nne, uchochoro ukaandikwa kwenye ramani kuwa njia ya wote, upana mita mbili na nusu. Mwenye kiwanja aligawa, mnunuzi alinunua, mafundi wakaendelea kushona.

Watu huuliza hadi leo ni nani aliyeandika kwamba kiwanja kimekaguliwa. Ni mimi. Nilikikagua nikiwa kwenye benchi la duka la ng'ambo ya barabara, jua lilikuwa kali. Mama Futi aliujua mwandiko wangu siku ile ile. Wakati wa kurudi alinipa kamba niibebe, akaniambia kesho tutaanza saa kumi na mbili na nivae viatu vya kutembelea. Basi. Hakulirudia tena, si kwa bosi, si kwa mume wake.

Gauni alilovaa leo limeshonwa na mafundi wa uchochoro ule. Amelipima jiji zima, na juzi ndiyo mara ya kwanza kumwona amesimama kimya akipimwa yeye. Sikusema kimya kabisa, alikuwa anamwambia fundi akaze futikamba.

Mama Futi, ahsante kwa kila hatua. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na mapumziko marefu. Kuhusu njia ile usiwe na wasiwasi. Jana niliipima, bado ni mita mbili na nusu. Nilikwenda kwa miguu.