Jicho Kavu, Aliyefua Nguo za Amani

Mama yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika chumba cha nyuma cha duka la mshonaji. Baba yake alikuwa ng'ambo ya pazia akipiga cherehani. Alipoambiwa ni msichana, alifurahi sana, akamalizia kwanza pindo.

Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu mmoja alimchapa mpaka mkono wa mwalimu ukachoka, mtoto akamtazama tu. Ndipo akaitwa Jicho Kavu.

Alianza udobi mwaka 1979, kibanda cha tatu nyuma ya stendi. Suruali aliyoipiga pasi ilisimama yenyewe, tena kwa adabu kuliko mwenyewe.

Mwaka 1984 aliolewa na fundi saa, wakajaliwa binti mmoja. Fundi saa alipofariki mwaka 2009, Jicho Kavu hakutoa hata chozi. Wifi yake mkubwa alinuna miaka kumi.

Mwaka 2019 binti aliolewa na askari wa kutuliza ghasia. Mkwe huyo, kwa mapenzi mema, alimletea tenda ya kufua sare za kikosi kizima.

"Nguo za fujo hizi?" aliuliza marehemu.

"Za amani, Mama."

Baada ya kila maandamano amani ililetwa kwa magunia. Hakuna aliyemwambia kwamba moshi wa mabomu ya machozi ni unga, na kwamba unga huo hulala kwenye kola na mifukoni. Ukilowekwa, unachoma mikono. Ukiguswa na pasi ya moto, unaamka upya. Jicho Kavu akaanza kulia kutwa. Wifi alichungulia dirishani, akasema, "Hatimaye anamlilia kaka yetu," akamsamehe palepale.

Kifua kilipoanza kubana, alimwita mkwe.

"Mwanangu, kikosini mna barakoa. Niletee moja."

"Mama, zile ni za watu walio kazini."

"Kwani mimi niko likizo?"

"Ule moshi hauna madhara. Unamuuma mtu dakika kumi, halafu anaelewa."

Mama alichukua miaka minne kuelewa. Viganja vilibabuka, macho yakawa kama nyanya, usiku akalala ameketi. Daktari alimuuliza kama anavuta sigara. Havuti. Kama anapikia kuni. Hapikii. Kama amewahi kuandamana.

"Kwa magoti haya? Nani angenisubiri?"

Daktari akaandika pumu, akamshauri aepuke moshi. Marehemu alirudi kibandani, maana gunia lilikuwa limeshafika.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, amesimama mezani, pasi mkononi. Shati la kamanda liliungua mgongoni. Kikosi kimetuma rambirambi, na kuulizia suruali zilizobaki.

Ameacha binti, wajukuu wawili, wifi aliyemsamehe kimakosa, na mkwe. Mkwe mnamwona pale mbele, amevaa gwanda. Gwanda hilo halijafuliwa tangu maandamano ya juzi, kwa kuwa dobi ndiye huyu tunayemzika. Mtakaomkumbatia, machozi yakiwatoka na pumzi ikikata, msihangaike. Hayana madhara. Ni dakika kumi tu, halafu mtaelewa.

Jicho Kavu na apumzike kwa amani. Siyo ile aliyokuwa akiifua.