Mama Faili, Aliyewahesabu Waliovunjika

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wauguzi mliokuja na sare zenu moja kwa moja kutoka zamu, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Faili mpaka jina alilopewa na wazazi likabaki la kwenye kitambulisho tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi saa na mkewe, akamaliza shule ya msingi mwaka 1971, sekondari mwaka 1975, akahitimu chuo cha uuguzi tarehe 30 Novemba 1979, na Januari iliyofuata akapangiwa wodi ya mifupa, ambako hakuhama tena. Tarehe 5 Juni 1982 alifunga ndoa na fundi umeme aliyelazwa humo kwa kuvunjika mguu, shemeji yetu huyu, ambaye hadi leo analalamika kwamba alipona mapema mno, na wakajaliwa binti na mwana.

Tarehe 2 Agosti 2007 mama yetu aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, na wiki ya sita akatutoka. Hapo dada akakumbuka kwamba miaka miwili nyuma mama alivunjika mkono kwa kujikwaa tu sebuleni, na kwamba aliyemfunga plasta alikuwa yeye mwenyewe, bila kujiuliza mfupa gani huo unaokatika kirahisi hivyo. Alituambia siku ya msiba, "Nilimfunga vizuri, nikamwambia nenda nyumbani mama, umepona."

Kuanzia Januari 2008, kila alipomaliza zamu, alijifungia katika chumba cha kumbukumbu kisicho na dirisha, akichambua faili za watu wa miaka hamsini na zaidi waliovunjika kwa kuanguka kidogo tu, akitafuta mambo matatu, kama mgonjwa alipimwa uimara wa mifupa, kama alipewa dawa ya kuitia nguvu, na kama aliulizwa iwapo alishawahi kuanguka kabla. Katika faili mia mbili na kumi na mbili, zilizotimiza yote matatu zilikuwa tisa. Alipompelekea daktari bingwa wa wodi karatasi yenye hesabu hiyo, daktari alimtazama akasema, "Sista, umekuja kutupa maksi?" naye akajibu, "Ndiyo daktari, na nimeanza kwa kujipa sifuri mwenyewe." Daktari alisoma akiwa amesimama, halafu akavuta kiti akakaa.

Tangu hapo kila miezi mitatu dada alihesabu upya na kubandika matokeo ukutani, yakipanda, yakishuka dawa zilipokosekana, yakipanda tena, na alipostaafu mwaka 2018 hesabu yake ya mwisho ilikuwa wagonjwa mia moja sitini na watatu kati ya mia mbili arobaini. Watu walipiga makofi, yeye hakupiga, alisema tu, "Hao sabini na saba waliobaki nao wana watoto."

Tarehe 9 Septemba 2023 aligundulika na saratani ya kongosho, akaugua kwa maumivu makali yaliyotuliza sisi, naye ndiye aliyetubembeleza, na tarehe 21 Aprili 2024, saa nne asubuhi, akafariki akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Siku nne kabla, akiwa amelazwa hospitalini, sauti ikiwa imekwisha, alimwona bibi wa kitanda cha pili ana plasta mkononi, akamnong'oneza binti yake, "Muulize kama wamempima mifupa." Hawakuwa wamempima. Kalamu ilimshinda kushika, binti akamwandikia daktari ombi la kipimo, na kesho yake bibi akapelekwa kupimwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kama mwenzao, majirani waliopokezana kumkalisha na kumlaza, wafanyakazi wenzake walioendelea kumletea karatasi ya ukutani aisome kitandani, na wewe bibi wa kitanda cha pili, uliyefika leo na mkono wako ungali umefungwa, ukakataa kiti cha mbele.

Dada, zamu yako imekwisha, wenzako wameshapokea. Pumzika kwa amani.