Kiti cha Mbele cha Basi la Chuo

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo. Mama Mkufunzi, uliyekuja kutufundisha namna ya kumsikiliza mtu mwenye malalamiko. Wakuu wa idara, wahadhiri na wafanyakazi mnaopokea vyeti leo. Bwana Msimamizi wa Magari, nakuona hapo safu ya pili, na nakuomba kwa heshima zote usitoke kabla sijamaliza. Wanafunzi wenzangu mliobanana madirishani. Mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Naomba mnivumilie. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ni mtu wa aibu. Wageni wakija nyumbani, mama huwaambia, "Ninaye binti, mtamsikia akifunga mlango." Nimesomeshwa kwa lugha mbili, wazazi wangu wakiamini kwamba moja ikikwama nyingine itaniokoa. Kumbe nikisimama mbele za watu zote mbili hutoka mbio pamoja, zimeshikana mikono.

Sasa mtu wa namna hii alifikaje kuwa mlalamikaji wa mazoezi? Mama Mkufunzi alinikuta maktaba akaniuliza kama ningependa kusaidia, nami nikashindwa kusema hapana. Ndivyo nilivyopata kila kazi niliyowahi kuifanya.

Malalamiko yenyewe nilitungiwa. Dereva wa basi la chuo anamwambia msichana kwamba kiti cha mbele ni cha wasichana wazuri wanaojua kucheka. Msichana anakataa kukaa. Kesho yake basi linamwacha kituoni. Ni mambo ya kubuni, ingawa wapo humu ndani wanaoyajua bila kubuniwa. Akatakiwa mtu wa kuigiza dereva, na mmoja wenu, simtaji, akauliza: nani atamwigiza dereva vizuri kuliko dereva? Ndipo akaletwa Mzee Taratibu.

Mzee Taratibu mnamjua. Ndiye anayetupeleka kwenye mafunzo ya vitendo, na huendesha kwa utulivu kiasi kwamba wanaokwenda kwa miguu hutupungia mkono wakitupita. Alipewa sentensi moja tu ya kusema: "Mimi sikusema hivyo." Aliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha basi wiki nzima.

Waheshimiwa wahitimu, mlinisikiliza kwa namna zenu. Mheshimiwa Profesa, nilipokwambia nimeumizwa, uliniambia, "Kabla hatujafika mbali, tukubaliane kwanza, kiti cha mbele ni kipi?" Bwana Mhasibu, uliniuliza kama nina risiti ya nauli. Mama Mlezi wa Bweni, ulinikumbatia kabla sijafungua mdomo, na malalamiko yangu yote yakaishia kwenye kitenge chako. Naye mhadhiri wangu wa mwaka huu alinisikiliza mpaka mwisho, kimya kabisa, nikasema huyu ndiye; kisha akaniambia hoja ni nzuri ila hitimisho limelegea, kumi na nne kwa ishirini.

Tulicheka, tukarudia, na kwa kweli mlianza kubadilika. Tatizo lilikuwa mimi. Mlinisifu kwamba naigiza vizuri mno, kwamba mikono inatetemeka na machozi yanakuja yenyewe. Leo nikiri: sikuwa naigiza. Nilikuwa nawaogopa ninyi.

Katika kutetemeka huko, Bwana Msimamizi wa Magari alikuja kumwita dereva wake. Akasimama mlangoni. Akaona msichana analia, akasikia "kiti cha mbele", akasikia "Mzee", akasikia "akaniacha kituoni". Hakungoja makofi. Aligeuka akaenda zake, na kabla hatujanywa chai Mzee Taratibu alikuwa amenyang'anywa funguo za basi na kupelekwa bohari kuhesabu matairi mabovu.

Nilitegemea ninyi mliokuwa ukumbini mumtetee. Je, mlimtetea? Mchana ule kantini nilikaa na Mzee Taratibu, na mtu mmoja mwenye cheo kikubwa aliinua sahani yake akahama meza yetu. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Najua ni maigizo, lakini ulimwona alivyokataa? Mtu hawezi kukataa vile kama hakufanya."

Mzee Taratibu akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "sentensi moja tu nimeisema, na ilikuwa ya kukana. Wangenipa mbili si ningefungwa? Siku nyingine waambie wanipe sehemu ya hakimu."

Alicheka, lakini hakumaliza chakula. Miaka yote aliyobeba watoto wa watu, halafu wasichana wakimwona wanavuka barabara kumkwepa.

Nikaamua kusema. Mimi! Nilikwenda kwa Bwana Msimamizi nikamwambia, "Baba, yule mzee hajanifanyia lolote, tulikuwa tunaigiza." Akanitazama kwa huruma kubwa. "Amekutisha?" Nikasema hapana. Akasema, "Usiogope, binti, hapa uko salama." Nikaanza kutetemeka, si mnanijua, naye akamwambia karani wake kwa sauti ya chini, "Unaona? Amemtisha." Kadiri nilivyokana, ndivyo mzee wa watu alivyozidi kuzama. Nilipotoka pale nilikuwa karibu nimemtafutia kifungo cha maisha.

Aliyetuokoa ni Mama Mkutubi. Alinikuta maktabani kwake, nyuma ya rafu za magazeti, nikilia safari hii bila kupangiwa. Hakunikumbatia. Hakuniuliza nilivaa nini wala kama nina risiti. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Niambie kilichotokea." Kisha akanyamaza mpaka nikamaliza, na ninavyomaliza mimi, alinyamaza sana. Halafu akasema, "Nimekusikia wewe. Sasa nikamsikie na yeye."

Ndugu zangu, hilo la mwisho ndilo lililonishangaza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Mzee Taratibu hata neno moja!

Jana Mama Mkutubi na wahitimu wenzake wawili walikaa. Ndiyo kesi ya kwanza ya kamati yenu mpya ya kusikiliza malalamiko, na mshitakiwa hana kosa ila kipaji. Walimsikiliza yeye, wakanisikiliza mimi. Walimsikiliza na Bwana Msimamizi pia, bila kumcheka, kwa sababu na yeye alikuwa na lake. Alisema, "Nina mabinti. Nilivyomwona mtoto analia, sikutaka kusikia zaidi." Nilimwelewa. Siku dereva mwingine atakapoyasema yale maneno kweli, nitataka mtu anayekasirika hivyo awe karibu. Ila ningependa angoje sentensi ya pili.

Kamati iliamua Mzee Taratibu arudishiwe basi lake. Ikaamua pia kwamba, kwa kuwa uvumi ulitembea mbele za watu, ukweli nao usemwe mbele za watu. Wakauliza nani atausema. Nikashindwa kusema hapana.

Basi nausema. Mzee Taratibu hakuniambia neno baya, si juu ya kiti wala juu ya kitu kingine. Sijatishwa. Natetemeka, ndiyo, mnaiona hii karatasi. Nitatetemeka hata nikiagiza chai. Msinisome mikono, nisikieni maneno.

Mama Mkufunzi, asante. Wahitimu, hongereni, siku moja nikija kwenu na langu la kweli, mtanikumbuka kwa hili.

Bwana Msimamizi wa Magari, funguo ziko mfuko wako wa kushoto, nazisikia kila ukijigeuza. Mzee mwenyewe amesimama pale mlangoni, mahali uliposimama wewe. Tunachelewa mafunzo ya vitendo, na kwa mwendo wake tulipaswa kuondoka jana.

Asante, baba. Mpe mkononi. Naam, na makofi tafadhali, safari hii yasubirini mpaka yaishe.

Mzee Taratibu, washa gari. Leo kiti cha mbele nakaa mimi, tena kwa hiari yangu, na sitacheka hata kidogo.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho.