Kigoda cha Mlangoni pale Lipingo

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na ninyi wageni mliojibana kule nyuma, mnaotazama mlango kuliko mnavyomtazama mchungaji, nawaona. Asifiwe kwenu pia. Leo nimesimama kwa ajili yenu hasa, maana huko nyuma ndiko nilikoanzia.

Nilishuka kutoka kwetu Mapera, milimani, hadi Ziwa Nyasa kwa miguu. Magari yalikuwepo. Yalinipita njiani, watu wakinipigia kelele kutoka juu ya magunia, "Wewe, panda! Au umetumwa kuhesabu mawe?" Nikawapungia mkono, nikaendelea kutembea. Nikisikia lori linakuja nyuma yangu nilikuwa natoka barabarani kabisa, naingia kwenye mashimo ya ngolo ya watu, yale tunayolimia sisi Wamatengo, nachuchumaa kati ya maharage mpaka mngurumo uishe. Mtu mzima, niliyemaliza kidato cha nne, nimejificha kwenye shimo la shamba.

Sababu ni hii. Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa ndiyo kwanza wanaingia Mbinga na malori yao, nami nikapata kazi ya mizani kwa mmoja wao. Siku moja breki zilikataa kwenye mteremko wa barabara ya ziwani. Mimi nilirushwa, nikaangukia kwenye migomba, sikuvunjika hata kidole. Wenzangu niliokuwa nao juu ya magunia hawakuamka.

Tangu hapo mngurumo wowote, kundi lolote la watu, moyo wangu ulikuwa unatimka kabla yangu. Nikaacha kazi. Kanisani kwetu nilitoka mbio katikati ya misa. Mama yangu akaniambia, "Nenda ziwani ukapumzike, mwanangu. Ila usiingie kwa walokole. Kule wanawawekea watu mikono, wanaanguka chini." Nawaambia, mimi niliyekwisha kuanguka mara moja, neno hilo lilinifuata njia nzima.

Pale Lipingo, ufukweni, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mpana mwenye sauti. Jumamosi akaniita.

"Mgeni, kesho jiko la hapa haliwashwi. Tunakula kanisani baada ya ibada."

"Mama, mimi ni Mkatoliki."

"Kwani nimekuuliza dini? Nakuuliza kama unakula."

Basi, njaa ndiyo iliyonipeleka. Mnacheka, lakini wengine wenu mmeletwa na nini?

Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji juu ya kigoda. Mkono wangu ukafanya ulichozoea tangu utoto: nikachovya vidole, nikafanya ishara ya msalaba. Yule mama, kumbe ndiye mhudumu wa mlango, akaninong'oneza, "Baba, hayo ni ya kwaya kunywa. Haya, leo watakunywa ya baraka." Ndani nikatafuta upande wa wanaume, nikaukosa; watu wamekaa mchanganyiko, mtu na mke wake. Nikapiga goti kuelekea altareni. Hapakuwa na altare. Palikuwa na spika na kinanda.

Kisha jenereta ikawashwa nje, nyuma ya ukuta niliouegemea. Mlio ule ule wa lori! Mchungaji akasema, "Wageni wetu wasimame tuwajue." Vichwa vikageuka. Ndugu zangu, sikuweza kusimama. Mchungaji akasubiri, akaona, akaendelea. "Sasa kila mmoja afungue kinywa chake tuombe."

Wakalipuka wote kwa pamoja. Huyu Kiswahili, yule Kinyasa, mwingine analia, mwingine anapiga makofi, bati la juu linatetemeka. Na pale mbele, kweli, kijana mmoja akaanguka chini puu.

Nikakimbia.

Mlangoni alikuwa amesimama yule mama. Nikajua atanizuia. Akaondoa ndoo, akausukuma mlango ukafunguka wote, akaweka kigoda pale kizingitini.

"Kaa hapa. Mguu mmoja nje, mmoja ndani. Mlango huu ninaushika mimi, na haufungwi. Ukitaka kukimbia, njia hiyo. Ukitaka kurudi, kigoda chako kipo."

"Na wakija kuniwekea mikono?"

"Wataanza na mimi."

Nikakaa. Jicho moja ziwani, sikio moja ndani. Nilitetemeka mpaka kigoda kikawa kinagonga sakafu. Lakini jenereta iliendelea kunguruma na hakuna aliyekufa. Yule kijana aliyeanguka akainuka, akajipangusa vumbi, akaja kunywa maji kwenye ndoo yangu ya baraka.

Jumapili zilizofuata nilikuta ndoo iko chini, kigoda kinanisubiri. Wanakwaya waliniita Baba Kizingiti, nami nikaitika. Hofu haikuondoka. Ilikaa nami pale pale mlangoni. Halafu Jumapili moja mvua ikapiga kutoka ziwani, nikavuta kigoda ndani ili nisilowe. Maombi yalipokwisha ndipo nikagundua nina miguu yote miwili ndani na kinywa changu kiko wazi. Nilikuwa naomba kwa Kimatengo, kwa sauti, nikiyataja majina ya wale wenzangu wa lori.

Kwa hiyo wageni, mtakayoyaona hapa ni hayo: kelele, na kuulizwa jina. Msiposimama, hamtakuwa mmekosa. Na ninyi wenyeji, msimvute mgeni mkono. Mwacheni akae karibu na mlango, na mlango uwe wazi. Namshukuru yule mama, popote alipo. Namshukuru na yule mchungaji, hakunisimamisha tena.

Niliondoka Lipingo siku nilipoletewa habari kwamba mama yangu ni mgonjwa, ananiita. Kutembea kungenichelewesha. Palikuwa na lori la usipa linalopanda Mbinga. Nikapanda, nikakaa mwisho kabisa, kwenye bodi ya nyuma. Yule mama wa mlangoni akanicheka huku anafuta machozi, "Hata humo umetafuta mlango!" Sikurudi tena. Nimeishi sehemu nyingi tangu wakati huo, na hakuna ambako sijaukumbuka usipa ule ukikauka mchangani.

Kwenye mteremko nikaiona ile migomba. Nikashika bodi niruke. Badala yake nikafungua kinywa nikaomba kwa nguvu zangu zote. Mwanamke wa pembeni yangu akadakia kwa Kinyasa, hajui hata ninaombea nini, na wengine wakafuata, kila mtu na lake, juu ya magunia.

Dereva akasikia kelele, akafunga breki. Zikashika. Akatoa kichwa dirishani, macho yamemtoka.

"Nani ameanguka huko?"

"Hakuna aliyeanguka," nikamjibu. "Twende."