Chombo Kinaungua, Nahodha Anaghani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo chetu cha televisheni, ndugu wageni waalikwa, mafundi wa kamera na taa, na wewe Bibi Vina, mwandishi wetu unayestaafu leo: hamjambo!

Mimi, kwa wasionitambua nikivaa suruali ya kawaida, ndiye nahodha wa kile chombo cha anga mnachokitazama kila Ijumaa. Ukuta wake ni boksi la friji, lakini maneno yake, jamani, yametoka kwa malenga waliokufa kabla umeme haujaja. Nani mwingine angethubutu? Adui anakuja na makombora, Bibi huyu ananipa utenzi nimjibu!

Na ubeti wake haukatwi. Siku moja chombo kinaungua, hewa imekwisha, wanaanga wangu wamelala chini wamekufa, nami bado naghani. Fundi wa moshi akalia, "Bibi, moshi unaisha!" Akamjibu, "Ungoje mshororo wa mwisho, mwanangu." Moshi ukaisha. Maiti wakaanza kujikuna. Tukamaliza ubeti.

Sasa, Mheshimiwa, tumesikia msimu ujao mashairi yanaondolewa, eti vijana hawayataki. Bibi Vina akaendelea tu kufunga vitu vyake. Mimi iliniuma. Miaka yote hii hakuomba cheo wala gari. Alitaka maneno ya wazee wetu yafike huko mbele tunakokwenda. Akiondoka, nayo yakamfuata mlangoni, tutasema tumemuaga au tumemfukuza?

Tena tusifichane. Juzi nilisahau mshororo katikati ya kurekodi, na ni nani aliyeumalizia kutoka nyuma ya kioo, kwa mahadhi yake kamili? Mheshimiwa, usiangalie pembeni. Hata mama yako mzazi, pale mbele, anacheka.

Basi nakuuliza mbele ya wageni, na kipaza sauti hiki hapa: yabaki, yasibaki?

Amesema yabaki! Mmesikia nyote? Anasema yabaki, ila yawe mafupi. Hilo, Mheshimiwa, mwambie mwenyewe. Mimi bado naihitaji kazi.

Ndugu zangu, mmenivumilia, nawashukuru kwa kunisikiliza. Bibi Vina, lia tu, mama. Umeshinda.