Siku Tuliyoshuka Kumzomea Dafroza

Mgeni rasmi Mama Hellen, mlezi wa ujenzi wetu; Baba Paroko, msimamizi wetu Rogath, wazee wetu, shikamooni.

KARIBU KIBOSHO

Sisi mafundi na saidia fundi wa mnara huu wa kengele tunakukaribisha kwa mikono miwili, na pole kwa barabara yetu. Kofia ngumu unazoziona zinang'aa kwa sababu hatukuwa tukizivaa. Tunasema kweli, maana uongo mbele ya kanisa haupendezi.

TULIKOTOKA

Kwetu usalama ulikuwa moyo tu. Fundi haogopi, akianguka, siku yake imefika. Ndivyo tulivyofundishana.

Dafroza alikuwa saidia fundi, mbeba zege asiyejua kulalamika. Asubuhi moja aliweka ndoo chini, mbele ya jukwaa letu la mirunda, miti tuliyoifunga kupandia mnara. Aibu ilimjaa, kwa kuwa alijua tutasema nini.

"Mimi leo sipandi," alisema. "Hii miti naiogopa."

"Kama unaogopa, kapike nyumbani," fundi Ildefonce alimjibu.

Tukasema ana mkosi. Tukamjaza Rogath maneno masikioni hadi akamwondoa kazini. Dafroza alipojifunga kanga kuelekea getini, tulishuka sote kumzomea. Juu hakubaki mtu.

MAAJABU TULIYOYAONA

Mgeni rasmi, kelele zetu hazijaisha, jukwaa zima likaporomoka. Mirunda ilivunjika kama mabua. Vumbi lilipotulia tulitafutana kwa majina, na kila aliyeitwa aliitika. Mungu ni mkubwa, jamani! Ubaya wetu wenyewe ndio uliotushusha tukapona.

Ildefonce, bingwa wa maneno, alikaa chini akalia. Dafroza alisimama getini, mkono mdomoni, machozi yanamtoka kwa ajili yetu. Hakutusuta hata kwa neno moja. Hadi leo tukipita pale, sauti zetu zinashuka zenyewe.

CHANGAMOTO NA OMBI

Jukwaa la chuma tumepata, na mikanda tunafunga. Iliyobaki ni Dafroza. Rogath amemwita, amekataa. Anasema hawezi kupanda na watu waliomcheka, na ana haki.

Tunaomba arudi, awe msimamizi wa usalama wetu. Akisema anaogopa, sote tushuke.

Amekaa pale nyuma, kwenye migomba. Amekuja kwa heshima yako, siyo yetu. Kwa mila za huku, anayekuja na jani la isale kuomba msamaha hafukuzwi. Isale tunalo, ila miguu imekuwa mizito. Mama, tunaomba utangulie, nasi tukufuate hadi alipo.

Mungu akurudishe salama, na mlima usikufiche uso wake.

Ni sisi waoga, mafundi na saidia fundi wa mnara wa kengele, Kibosho.