Adjudant Norbert Wilondja na Kitabu cha Vijana Wake

Ndugu waombolezaji, wachungaji wetu, na ninyi bamama mlioketi nasi tangu juzi, marehemu Adjudant Norbert Wilondja alizaliwa Kilembwe tarehe 9 Machi 1953, mtoto wa tatu wa mkulima, akasoma shule ya msingi huko huko, akaanza sekondari hapa Baraka, kisha baba yake akafariki na masomo yakaishia hapo.

Tarehe 2 Juni 1972 aliingia jeshini, akatumikia Kananga, Kindu na Bukavu, akapanda hadi cheo cha adjudant, na tarehe 18 Agosti 1979 akafunga ndoa na Mama Espérance, wakajaliwa watoto watano, wawili wametutangulia, na kifungua mimba ni Nadège, mwalimu mnayemfahamu.

Mwaka 1996 kikosi chake kilivunjika vitani kwenye barabara ya Lulimba, akazika askari vijana wake kwa mikono yake mwenyewe, akavuka Ziwa Tanganyika na familia hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na huko akaanza kuandika maisha yake ya jeshi, hasa majina ya wale vijana, kwao ni wapi, na kila mmoja alilazwa mahali gani, kwa sababu wazazi wao hawakupelekewa habari na mtu yeyote. Alirudi Baraka na daftari hizo mwaka 2006, na Nadège akaahidi kuzifanya kitabu cha familia, akawa anazipiga kwenye kompyuta kidogo kidogo, wakati wa likizo.

Aprili 2024 ziwa lilipanda, likaingia nyumbani, ukuta ukaanguka, daftari zikawa uji, na kurasa zilizokwisha kupigwa zilikuwa zimefika mwaka 1981 tu. Marehemu alimwambia binti yake, “Usilie, mama. Leta kalamu, mi niko bado hapa, tutaanza na majina ya bale batoto.” Wakaanza, akamtaja mmoja, kisha akasema, “Uyu mwingine sura yake niko naiona, alikuwa anapenda kuimba, lakini jina inakatala kutoka.” Rafiki yake wa jeshini, Papa Déogratias, alikuja kutoka Lulimba kumsaidia, naye akakumbuka jina la utani tu.

Tarehe 14 Januari 2025 alipatwa na kiharusi, sauti ikapotea, na njia ya Uvira haikuwa salama kumpeleka hospitali kubwa huko. Nadège alimsomea kurasa zile zilizopona, na kila alipomaliza, baba alimshika mkono akitikisa kichwa, maana aliyoyataka hayakuwemo. Alifariki hapa Baraka tarehe 3 Oktoba 2025, mkewe na Nadège wakiwa kando yake. Kitabu kimechapwa kama kilivyo, wale vijana hawamo ila yule mmoja aliyemtaja, na hakuna aliyebaki wa kuwataja wengine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupokea ziwa lilipotufukuza, wanajeshi wastaafu wenzake, na waumini wote.

Baba, wewe tunakuzika tukijua jina lako na mahali unapolala, hilo ndilo pekee tulilolimudu. Amani ya Mungu ikulaze.